Bahari Sebuleni kwa Mokua

Watu wa kwetu, hii ni habari ya boma moja lililo juu kidogo ya soko la Nyamarambe. Mkiona linafanana na boma la jirani yenu, fungeni midomo kwanza mpaka hadithi iishe. Mkiona linafanana na lenu wenyewe, basi fungueni masikio.

Lilikuwa boma la amani. Asubuhi, ukungu ukianza kuinuka kwenye migomba, Mzee Onsongo alitoa kiti chake akaketi kuota jua. Alikuwa amechonga mawe ya sabuni kule Tabaka miaka arobaini, akitoa viboko, twiga na bakuli ambazo wazungu walienda kuwekea funguo. Dada yake Nyakerario, mjane aliyeishi naye, mwenye ulimi usio na kizibo, alimletea uji wa wimbi. Naye Damaris, mke wa mwanawe, alisimama kwenye kamba ya nguo akamsalimu kutoka huko huko.

"Umeamkaje, tata?"

"Nimeamka, Mama Sharon. Katika umri wangu hiyo ni habari kubwa."

Walisalimiana hivyo kila siku, uwanja mzima katikati yao, na walipendana sana. Kwa wasiotujua: tata ni baba, na sisi tuna ensoni, ile aibu ya heshima kati ya mzazi na mtoto. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe wake, wala hagusi kitanda chake. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa wale wa mjini ambao nyumba yao ni chumba kimoja na pazia. Lakini Mzee Onsongo alikuwa wa zamani, na Damaris, aliyelelewa vizuri na mama yake kule Marani, hakutaka kuwa wa kwanza kulegeza. Kutoka mlango wa mzee hadi mlango wa Damaris zilikuwa hatua arobaini. Kwa miaka kumi na minne hakuna kati ya hao wawili aliyezimaliza zote.

Vumbi la mawe lilimlipa mzee mshahara wa mwisho kifuani. Daktari wa Kisii alitazama picha ya mapafu akatikisa kichwa, akasema yamekakamaa kama ngozi iliyoanikwa. Ndipo mwanawe, Walter Mokua, akamnunulia mashine ya oksijeni. Ilikaa kando ya kitanda, ikanguruma kama paka aliyeshiba, ikampitishia hewa safi kwa mrija mrefu hadi puani. Kwenye jua la asubuhi aliweza kukaa saa moja bila mrija. Baada ya hapo ilibidi arudi ndani. Mashine hiyo ilikula stima. Kwa siku za stima kupotea palikuwa na mtungi wa oksijeni, uliojazwa mjini.

Sasa msije mkadhani Walter alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpima ardhi mwenye ofisi Kisii mjini, mzee wa kanisa, hanywi, hafuati wanawake. Na hapo ndipo shida yetu ilipojificha. Mlevi huonekana akiyumba barabarani, watu wakamwombea. Mwenye tangi la samaki huonekana akisoma, watu wakamsifu.

Yote yalianzia Mombasa. Walter alikwenda huko kwa semina, akaona ukutani mwa hoteli tangi la kioo lenye matumbawe na samaki wa rangi za kitenge. Alirudi akiwa kimya. Baada ya wiki alinunua kitabu cha mistari akaanza kuchora: urefu wa tangi mita tatu, bomba la kushuka hapa, pampu hapa, chumba cha mashine nyuma ya ukuta. Akachora miezi minane. Damaris alimkuta mezani akipima kwa rula ya ofisi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo hakuwa ameiona tangu Sharon azaliwe. Nani angekataa furaha kama hiyo? Hakukataa.

Chumba cha Sharon kilibomolewa ukuta, maana mtoto alikuwa shule ya bweni. Sakafu ilichimbwa ikamiminwa zege lenye vyuma, kwa sababu maji ya lita elfu mbili na mia tano hayakai juu ya simenti ya kawaida. Kioo kilifika kwa lori, kimefungwa mablanketi kama maiti ya tajiri, wanaume wanane wakakibeba wakipiga hatua za mazishi. Magunia ya chumvi ya bahari yalipofuata, Nyakerario aliuliza kama Walter anafungua duka la nyama kavu.

Maji yalichujwa mpaka yakawa hayana ladha hata ya mvua, kisha yakatiwa chumvi kwa kipimo. Yakawekwa mawe yenye mashimo mashimo. Halafu, watu wa kwetu, wiki sita hakukuwa na samaki hata mmoja. Walter alirudi kutoka kazini, akavuta kiti, akatazama mawe.

Mzee hakuweza kuingia kuona, kwa ile ensoni, basi alijikokota asubuhi moja hadi dirishani akachungulia kutoka nje, fimbo mkononi.

"Tunangoja nini, Mokua?"

"Maji yakomae, tata. Kuna wadudu wadogo wanatakiwa wazoee kwanza."

"Na hayo mawe?"

"Hayo yana uhai ndani."

Mzee alipumua, akapumzika, akapumua tena. "Nimekaa na mawe miaka arobaini. Sikuona hata moja likiomba kuwashiwa taa na kupashwa maji moto. Mimi mwenyewe naoga ya karai."

Walter alicheka. Hata hivyo jioni ile alimpelekea baba yake chupa ya maji moto, msiseme hakuwa na moyo. Lakini hakuketi naye kama zamani. Alisimama mlangoni, akaangalia saa, akasema lazima apime chumvi.

Sabato alifunga kila kazi, hata kiatu hakupiga brashi. Samaki tu ndio waliopewa ruhusa. Nyakerario alisema kumbe ng'ombe aliyeanguka shimoni siku ya Sabato, yule wa kwenye Biblia, alikuwa na mapezi.

Stima yetu mnaijua. Inakuja kama mgeni na kuondoka kama mwizi. Na tangi la matumbawe pampu zake zikisimama, maji hukosa hewa, na kila kilicho ndani hufa kwa saa chache. Hivyo Walter alimwita Abner, fundi wa stima kutoka Kenyenya, kijana mwangalifu anayerudia maneno mara mbili. Abner alifunga betri nane kubwa kwenye stoo. Akachimba mtaro, akalaza waya chini ya ardhi hadi nyumba ya mzee, ili mashine ya oksijeni nayo ifaidi. Damaris alikuwa akiwamiminia chai alipomsikia akieleza.

"Sikiza, Baba Sharon. Stima ikipotea, betri hizi zitabeba pampu za samaki na mashine ya mzee, vyote viwili, usiku na mchana. Lakini hivi vyuma vya kupasha maji vinakula sana. Ukiviwasha pamoja na mashine ya mzee, kila kitu kitazimika. Nimeweka swichi mbili. Hii ya joto la maji, hii ya mzee. Ukiinua moja, shusha nyingine."

"Maji yakipoa kidogo si neno," Walter akasema. "Mzee ni mzee."

"Ndiyo nataka usikie vizuri. Ukiinua moja, shusha nyingine."

Abner akaandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya swichi: JOTO, na MZEE. Damaris akasoma, akaona ni kazi safi.

Samaki wakaja, wakakaa, hawakufa. Nyumba ikajaa wageni. Watu walitoka hata Marani kuja kuona bahari ya Mokua. Walikunywa soda wakapiga picha, na waliporudi walipita nyumba ya mzee bila kubisha kwa sababu waliambiwa amelala. Jina la Walter likapanda, na jina likipanda hutaka ngazi. Akaagiza matumbawe ya aina ya juu kwa mtu wa Nairobi anayeyafuga, yale yenye ncha kama vidole, ambayo hukasirika maji yakipoa hata kidogo.

Yalikuja kwa basi siku ya Ijumaa, ndani ya masanduku meupe. Siku moja kabla, Nyakerario alikuwa ameutia mtungi wa oksijeni ndani ya gari kwa mikono yake mwenyewe.

"Umekwisha," alimwambia Walter. "Usirudi nao hivi hivi."

Mahali pa kujazia palikuwa upande mwingine wa mji. Walter alipokea masanduku saa tisa. Yule wa Nairobi alikuwa amempigia simu kwamba yasikae njiani hata dakika. Foleni ya Kisii ilikuwa imesimama. Akatazama mtungi, akatazama masanduku, akapinda kona ya nyumbani.

"Jumapili nitaupeleka," alimwambia Damaris usingizi ulipomkaribia. "Stima imetulia mwezi mzima."

Damaris alitaka kusema neno. Akaona jinsi alivyochoka, akaliacha.

Siku ya Sabato walitoka kanisani mapema ili matumbawe yasikae peke yake. Nyakerario alibaki, akina mama walikuwa wakienda ng'ambo ya mto kumwombea mgonjwa. Saa tisa mawingu yalikusanyika upande wa Tabaka, na saa tisa na nusu mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati kana kwamba mtu anamwaga kokoto kwa lori. Radi ikapiga. Stima ikapotea.

Kwenye stoo betri zikaitikia. Pampu zikaendelea. Ng'ambo ya uwanja mashine ya mzee ikaendelea. Kila kitu kilikwenda kama Abner alivyosema, na kama Walter angechukua Biblia akalala, nisingekuwa na hadithi.

Hakulala. Alisimama mbele ya tangi na kipimajoto. Baridi iliingia, mabati yakawa barafu tupu. Saa kumi maji yalikuwa yamepungua joto kidogo. Saa kumi na moja yalipungua tena, na yale matumbawe mapya yaliyokuwa yameanza kufunguka yakajikunja kama mkono wa mtu aliyeungua. Walter akaenda stoo. Damaris akamfuata.

Akashusha swichi ya MZEE. Akainua ya JOTO.

"Baba Sharon, hiyo ni ya mzee."

"Najua. Nusu saa tu, joto lishike. Ana mtungi."

"Mtungi uko kwa gari. Hauna kitu."

Mvua ikapiga, wote wawili wakawa wametazama ukuta.

"Nusu saa," Walter akasema tena, lakini sauti ilikuwa ndogo. "Huwa anakaa nje saa nzima bila mrija. Nenda umwangalie. Ukiona ni mbaya, niite."

Swichi ilikuwa karibu na bega la Damaris, karibu kuliko kikombe kinavyokuwa karibu na mdomo. Alijifunika kitenge kichwani, akatoka.

Alisimama kwenye kizingiti cha nyumba ya mzee, chini ya mabati. Ndani kulikuwa na chumba cha mbele, halafu mlango wa chumba cha kulala ukiwa nusu wazi. Mashine ilikuwa kimya.

"Tata, uko salama?"

"Niko." Kikapita kitambo. "Stima imekwenda?"

"Imezimwa kidogo ya huku."

"Na ya samaki?"

Damaris akageuka kutazama upande wa stoo.

"Si neno," mzee akasema polepole, akikata maneno kama mtu anayemenya ndizi kwa kisu butu. "Wametoka mbali. Wageni kwanza."

Ulikuwa mzaha, na Damaris alijua alitakiwa kucheka. Akabaki hapo, maji yakimtiririka shingoni, akisikiliza pumzi. Zilikuwa fupi, kama za mtoto aliyekimbia. Akauliza tena, "Uko salama, tata?" na jibu lilikuwa "Mm." Akauliza mara ya tatu. Jibu lilikuwa vidole vikigonga mbao za kitanda, mara mbili.

Alikimbia hatua arobaini kwenye matope. Walter alikuwa amepanda ngazi, mkono wote hadi begani ndani ya maji, akiinua tumbawe lililoanguka.

"Hali yake ni mbaya. Washa."

"Nakuja. Usinishtue, litavunjika. Zimebaki dakika kumi."

"Mokua." Hakuwahi kumwita hivyo.

"Nimesema nakuja."

Na Damaris, badala ya kwenda stoo ambako ni hatua tano, alirudi kwa mzee. Mtaniuliza kwa nini. Hata yeye amejiuliza. Miaka kumi na minne alikuwa amefundishwa kwamba mambo ya ufundi ni ya Walter, na sasa betri, tangi na swichi pia. Mtu akizoea kutogusa, mkono husahau kwamba ni mkono.

Alifika akauliza. Hakuna sauti. Akangoja kugongwa kwa mbao. Mguu wake ulikuwa juu ya kizingiti, na kile kizingiti cha mbao kilimzuia kuliko ukuta. Alisimama hapo, yeye mwenyewe anasema, kama dakika tatu, akiita jina la Nyakerario ambaye alikuwa ng'ambo ya mto uliofurika. Kisha akaingia.

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Macho yalimwona. Na mkono wake, uliokuwa umekosa nguvu ya kugonga mbao, ulivuta blanketi polepole ukafunika magoti, kwa sababu mke wa mwanawe ameingia.

Damaris alimkumbatia, akapiga ukemi uliosikika hadi sokoni. Walter alikuja akikimbia, mkono ukidondosha maji ya chumvi. Alirudi stoo, akainua ya MZEE, mashine ikanguruma, wakamtia mzee mrija puani. Akavuta hewa mara chache, kama anayeionja. Wakambeba hadi kwenye gari. Mkaratusi ulikuwa umelala barabarani, wakazunguka njia ya miwa. Kabla ya lami kichwa chake kililala mapajani mwa Damaris, mahali ambapo ensoni hairuhusu hata kupafikiria, na hakukiinua tena.

Kwa fujo ile, Walter alipotoka stoo mara ya pili alikuwa ameziacha swichi zote mbili juu. Betri zikabeba zaidi ya kiasi, zikazimika dakika chache baada ya gari kuondoka, na stima haikurudi mpaka Jumatatu. Waliporudi Jumapili alasiri kutoka chumba cha maiti, harufu ilikuwa imefika getini. Samaki walielea ubavu. Yale matumbawe ya Nairobi yalikuwa yameyeyuka yakawa kamasi.

Waombolezaji walikuja, wakauliza, na Walter alijibu neno moja: "Stima." Hakusema uongo, mnaona. Lakini neno fupi huzaa maneno marefu. Kufikia Jumanne soko zima lilisema waya wa Abner ndio ulioshindwa, na waliomwita kuwafungia stima nyumba zao wakamwambia asije.

Jumatano Abner alikuja na jembe. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi wakipanga mazishi. Akawasalimu, akavua koti, akaanza kufukua mtaro, mbele ya watu wote, kutoka nyumba ya Walter kwenda ya mzee. Hakuna aliyemzuia. Alifukua hatua zote arobaini, akausafisha waya kwa kiganja, akaupima kwa kifaa chake, na jasho lilimtoka mpaka kwenye kidevu.

"Mzima," akasema. "Mimi nataka mtu aniambie nilikosea wapi. Kama nilimwua mzee, niambiwe."

Walter alikuwa akitazama viatu vyake. Nyakerario alikuwa na birika mkononi, akalishikilia hewani.

Damaris akasimama. Mwanamke wa ndoa huwa hasimami mbele ya wazee wa ukoo, lakini alikuwa amekwisha kupita vizingiti vikubwa kuliko hicho.

"Hukukosea, Abner. Waya ulikuwa mzima. Mume wangu alizima ya mzee ili maji yapate joto. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo. Swichi ilikuwa hapa." Akagusa bega lake. "Sikuinua."

"Kwa muda gani?" mzee mmoja akauliza.

"Nusu saa alisema. Ilipita."

Hakuna aliyelia wakati ule. Nyakerario aliweka birika chini, akamtazama mwana wa kaka yake kwa muda mrefu.

Walimzika Ijumaa. Baada ya mazishi Walter aliyatoa maji tangini ndoo kwa ndoo, peke yake, akiyamwaga nyuma ya nyumba, na chumvi ikaikausha migomba hadi chini kwenye ua. Anaishi humo bado, na kioo kitupu cha mita tatu, kwa kuwa hapajapatikana wanaume wanane wa kukitoa. Damaris hakurudi kwao Marani, wala hakurudi kwa mumewe. Alihamia ng'ambo ya uwanja kwa Nyakerario, katika nyumba ya mzee. Analala katika chumba kile, juu ya kitanda kile, na asubuhi Walter akitoka, yeye humsalimu kutoka kwenye kamba yake mpya ya nguo, uwanja mzima katikati yao.

MAFUNZO

Kufuga samaki si dhambi, hata wa bahari, hata huku kwetu milimani. Msitoke hapa mkavunje matangi ya watu. Kosa la Mokua lilikuwa kupima joto la maji kila saa na kutopima pumzi ya baba yake hata mara moja. Kitu unachokipenda kikianza kukuambia "ngoja kidogo" kuhusu mtu wako, kizime hicho kwanza, mengine utayapanga baadaye.

Nanyi mnaonyamaza kwa sababu mwenye nyumba amechoka, au kwa sababu swichi si yenu, jueni kwamba mkono uliokaa kimya nao huulizwa. Inua. Mtagombana baadaye, mtu akiwa hai.

Na ensoni tuitunze, ni yetu, ilitufundisha kuheshimiana. Lakini wazee walioiweka walitaka tusitazame uchi wa wazazi. Hakuna mahali waliposema tusitazame kufa kwao. Ukisikia mzazi anakosa pumzi ndani, ingia. Akifunika magoti, mfunike vizuri, halafu umbebe.

Mwenye kuuliza bei ya kioo, asiniulize mimi.